Mlima Unavimba, Kilele Kinatitia

Kuanzia tarehe 12 Julai 2007 watu wa kaskazini mwa Tanzania waliishi juu ya ardhi isiyotulia. Matetemeko yalikuja mfululizo, usiku na mchana, na tarehe 17 likapiga kubwa lao, lenye ukubwa wa 5.9. Lilisikika Arusha, likasikika hadi Nairobi, ambako watu walitoka maofisini mbio na kujazana barabarani. Mtu wa Sakina au Ngaramtoni, huko Arusha, angesamehewa kwa kuinua macho kwanza kuelekea Mlima Meru, maana ndio unaosimama juu ya paa lake. Lakini chanzo kilikuwa mbali zaidi, kwenye ubavu wa Mlima Gelai, kusini mwa Ziwa Natron, katika nchi kame ya wafugaji. Tarehe 4 Septemba jirani wa Gelai, Ol Doinyo Lengai, ukalipuka. Volkano hii kwa miaka mingi ilikuwa ikitiririsha taratibu lava yake ya ajabu, nyeusi na nyepesi, yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 tu za Selsiasi, ambayo hugeuka nyeupe ikipata unyevu. Safari hii ilirusha majivu kilomita kadhaa angani, na haikutulia hadi mwaka 2008. Wafugaji walihama na mifugo yao.

Vipimo vya matetemeko vilisimulia sehemu ndogo tu ya kisa hicho. Sehemu kubwa ilisimuliwa na setilaiti mbili zilizokuwa zikipita juu bila kujua kuna nini chini: Envisat ya Ulaya na ALOS ya Japani, zote zikiwa na rada. Wanasayansi walioongozwa na Eric Calais walilinganisha picha za kabla na za baada, na mwaka 2008 wakachapisha matokeo katika jarida la Nature. Walichogundua ni kwamba mvutano mwingi wa miamba uliachiliwa kimya kimya, pasipo tetemeko lolote. Kwanza ufa mmoja uliteleza polepole. Kuteleza huko kukalegeza mwamba wa jirani, na magma ikapata nafasi ya kupenya, ikasimama wima ardhini kwa urefu wa kilomita kadhaa na unene uliofikia kama mita 2. Haikufika juu. Hakuna mchungaji aliyeiona, na hakuna atakayeiona hadi mmomonyoko wa maelfu ya miaka uifukue.

Je, waliipimaje, ikiwa rada haipenyi hata shina la mgomba vizuri?

Swali hilo ndilo kiini cha mhadhara huu, na jibu lake linahusu nchi za barafu kama linavyohusu Natron. Rada ya angani haioni kina. Haioni magma, haioni barafu iliyo chini ya udongo, haioni maji ya kisima. Inaona uso wa ardhi ukisogea, basi. Kina huhesabiwa na binadamu aliyeketi mezani, na hesabu yake huwa nzuri kwa kadiri ya vipimo alivyoletewa na mtu aliyekwenda kwa miguu.

Kwanza chombo chenyewe. Setilaiti ya rada hutuma wimbi la redio, wimbi hugonga ardhi, na sehemu yake ndogo hurudi. Kwa kuwa halitegemei jua wala halizuiwi na mawingu, kazi hufanyika usiku na hata wakati wa masika, majira ambayo Meru unaweza kukaa siku nyingi bila kuonekana kutoka Mnara wa Saa wa Arusha. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-1, ambazo ya kwanza ilirushwa tarehe 3 Aprili 2014, huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 693 na kutumia wimbi lenye urefu wa sentimita 5.6. Ustadi uko katika kusoma mahali wimbi lilipofikia katika kupanda na kushuka kwake linapopokewa. Baada ya siku 12 setilaiti hiyohiyo hurudi katika njia ileile na kupima mahali palepale. Ardhi ikiwa imesogea sentimita 2.8 kuikaribia, safari ya kwenda na kurudi imepungua sentimita 5.6, yaani wimbi moja kamili. Kompyuta huchora tofauti hiyo kwa rangi, na kila duru moja ya rangi, kutoka nyekundu hadi nyekundu tena, ni sentimita 2.8 za msogeo. Picha ya namna hiyo huitwa intaferogramu. Gelai ya mwaka 2007 ilijaa duru hizo zilizobanana pande mbili za mahali magma ilipopenya.

Mbinu hii si kongwe. Setilaiti ERS-1 ilirushwa Julai 1991. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Juni, tetemeko kubwa lilipiga Landers, California, na Mfaransa Didier Massonnet na wenzake wakatoa ramani ya jinsi jangwa lilivyosogea. Jarida la Nature liliiweka ramani hiyo kwenye jalada Julai 1993. Kuanzia hapo kila aliyekuwa na ardhi inayocheza alitaka picha kama ile, na miongoni mwao walikuwamo watafiti wa ardhi iliyoganda.

Ardhi iliyoganda daima, kwa maana ya wataalamu, ni ile inayobaki kwenye nyuzi sifuri au chini yake kwa angalau miaka miwili mfululizo. Ndiyo ardhi ya Siberia, ya Alaska, ya kaskazini mwa Kanada. Juu yake kuna tabaka linaloyeyuka kila kiangazi na kuganda tena kila majira ya baridi. Unene wa tabaka hilo ni jambo zito, kwa sababu chini yake kumehifadhiwa mabaki ya mimea na wanyama ya maelfu ya miaka, yenye kaboni inayokadiriwa kuwa karibu mara mbili ya ile iliyomo angani. Kiangazi kikichimba zaidi, mabaki hayo huoza na kutoa gesi. Tena kuna nyumba na matangi yaliyojengwa juu yake. Mei 2020, karibu na mji wa Norilsk nchini Urusi, tangi lilititia na kumwaga zaidi ya tani 20,000 za dizeli mitoni na ardhini.

Njia ya kale ya kupima unene wa tabaka hilo bado inatumika: mtu huchukua ufito wa chuma, huusukuma ardhini hadi ugonge pagumu, husoma sentimita, husogea hatua kadhaa, hurudia. Tangu mwaka 1991 kuna mtandao wa kimataifa wa vituo unaofanya hivyo kila mwisho wa kiangazi. Ni kazi ya mgongo na mbu. Eneo lililobaki bila ufito ni kubwa mno.

Lin Liu na wenzake, Kevin Schaefer, Tingjun Zhang na John Wahr, walitazama tatizo hilo kwa upande mwingine. Barafu ikiyeyuka hupungua ujazo kwa kama asilimia 8. Chukua udongo ambao nusu yake ni vitundu vilivyojaa barafu. Kiangazi kikiyeyusha sentimita 50 za juu, barafu iliyomo, sawa na unene wa sentimita 25, hugeuka maji, na uso wa ardhi hushuka kwa kama sentimita 2. Mtu anayetembea hawezi kuhisi. Rada inahisi. Mwaka 2012 watafiti hao walichapisha makadirio ya kina cha kuyeyuka katika mwambao wa kaskazini wa Alaska kati ya 1992 na 2000, yaliyotokana na picha za rada za ERS na kwa hiyo yakafika mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kusukuma ufito.

Ila hesabu hiyo ina mlango wa nyuma. Sentimita 2 zilezile za kushuka, kama udongo ni mboji iliyoloa ambayo asilimia 80 yake ni barafu, zinamaanisha kwamba pameyeyuka sentimita 30 tu. Kama ni changarawe yenye asilimia 25, zinamaanisha karibu mita 1. Picha ni moja, majibu yanapishana mara tatu. Anayejua udongo ulivyo ni yule mwenye ufito, na ndiyo maana wataalamu wa rada huwapenda sana watu wa fito, hata kama kwenye makala zao huwashukuru kwa mstari mmoja.

Msikilizaji wa Arusha ana haki ya kuuliza kama mambo haya yanafika kwake. Yanafika, tena kwa macho matupu siku isiyo na mawingu. Kileleni mwa Kilimanjaro, mita 5,895, barafu imepungua kutoka kama kilomita za mraba 11.4 mwaka 1912 hadi 1.76 mwaka 2011. Lisilojulikana na wengi ni kwamba udongo wa huko juu nao umeganda mahali pachache. Kenji Yoshikawa wa Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks na wenzake walifukia vipimajoto kwenye mlima huo, na mwaka 2021 wakachapisha matokeo: ardhi iliyoganda daima ipo karibu na kilele, kwa vipande vidogo.

Je, mbinu ya Alaska ingeweza kuvipima? Hapa ndipo nchi ya joto inapokataa vipimo vilivyotengenezwa kwa nchi ya baridi. Alaska ina kiangazi kimoja kwa mwaka. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ina kiangazi kila mchana na majira ya baridi kila usiku: udongo wa juu huganda saa za giza, huota sindano nyembamba za barafu, na huyeyuka jua likipanda. Sentinel-1 hupita juu ya mahali kama saa kumi na mbili asubuhi au saa kumi na mbili jioni, siku zote saa hizohizo. Kwa hiyo kila ikirudi huukuta udongo katika hatua ileile ya siku, na yale yote yaliyotokea katikati yameshapita. Pamoja na hayo, kasoko ya Reusch, ndani ya Kibo, bado inafuka gesi moto. Joto la kutoka chini huchanganyika na lile la juu. Kwa Kilimanjaro kipimajoto kilichofukiwa bado ni bora kuliko setilaiti, na hakuna aibu kusema hivyo.

Pale ambapo rada imeonyesha uwezo wake katika mkoa huu ni Lengai. Nchi ya Natron ni kavu, miti ni michache, na miamba iliyo wazi hurudisha wimbi bila kigeugeu. Isitoshe, tangu mwaka 2016 kuna watu wa fito, kwa maana nyingine: mradi uitwao TZVOLCANO, unaowaunganisha watafiti wa Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam, akiwamo Elifuraha Saria, na wa Virginia Tech ya Marekani, akiwamo Sarah Stamps, uliweka vipokezi vya GPS kuuzunguka mlima. Kila kipokezi kimefungwa kwenye mwamba na kuandika nafasi yake mfululizo, kwa usahihi wa milimita, na data zake huwekwa wazi kwa yeyote.

Mwaka 2024 Ntambila Daud na wenzake walichapisha walichokiona kwenye vipokezi hivyo: kuanzia Machi 2022 ardhi inayouzunguka mlima ilianza kuinuka haraka, na kwa mwendo wa taratibu zaidi ikaendelea hadi 2023. Mwaka huohuo wa 2024 watafiti wengine, waliopitia picha za rada za 2013 hadi 2023, waliripoti jambo lililoonekana kupingana nalo: ukingo wa kilele, pande za kaskazini na mashariki mwa kasoko, umekuwa ukititia mwaka hadi mwaka, hadi sentimita 3.6 kwa mwaka.

Mlima unavimba na kilele kinatitia, vyote kwa wakati mmoja. Mtu asiyezoea angesema mmoja kati yao amekosea. Lakini hapa ndipo hesabu ya kina inapoleta raha.

Mwaka 1958 Mjapani Kiyoo Mogi, akitumia vipimo vya ardhi vilivyochukuliwa baada ya mlipuko wa Sakurajima wa 1914, alionyesha jinsi ya kusoma kina kutokana na upana wa uvimbe. Ngumi iliyowekwa chini ya shuka huinua kilima kidogo chenye ncha. Ngumi ileile chini ya godoro huinua eneo pana, kwa upole. Katika hesabu ya Mogi, umbali kutoka katikati ya uvimbe hadi pale unapobaki nusu ni kama robo tatu ya kina cha chanzo. Uvimbe ukipungua kufika nusu kwa kilomita 3 kutoka katikati, chanzo kiko kama kilomita 4 chini. Kule Lengai, kutitia kwa kilele kunachukua eneo dogo, kwa hiyo chanzo chake kiko karibu na uso. Kuinuka kunakoonekana kwenye vipokezi vilivyotawanyika kunahitaji chanzo cha chini zaidi. Vyumba viwili, basi, au mfumo mmoja wenye ghorofa: wa juu unapungua, wa chini unapokea. Bila GPS, isingejulikana kama kuinuka ni kwa ardhi au ni unyevu wa hewa unaoidanganya rada. Bila rada, kutitia kwa kilele kusingejulikana, kwa kuwa hakuna anayefunga kipokezi kwenye ukingo unaomomonyoka wa volkano hai.

Wakenya waliwahi kupata somo la namna hii mapema. Juliet Biggs na wenzake walichapisha mwaka 2009 kwamba volkano kadhaa zilizodhaniwa kulala katika Bonde la Ufa la Kenya zinapumua. Suswa na Menengai zilishuka sentimita chache kati ya 1997 na 2000, Longonot ikainuka kama sentimita 9 kati ya 2004 na 2006, na Paka, kule kaskazini, ikapanda kama sentimita 21 ndani ya miezi michache ya 2006 na 2007. Hakuna hata moja iliyolipuka. Nayo ni habari: ardhi huweza kuvimba na kutulia bila kumdhuru mtu, na anayepiga mbiu kwa kila sentimita ataishiwa na wasikilizaji.

Na kinyume chake kipo, kwa uchungu. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, ilipasuka na lava ikashuka hadi kwenye viunga vya Goma. Goma ina kituo chake cha kuchunguza volkano, na rada zilikuwa zikipita. Uchambuzi uliofanywa baadaye haukuona uvimbe wowote wa kutahadharisha kabla ya mlipuko. Ukuta wa mlima ulipasuka, na magma iliyokuwa tayari juu ikatoka. Siku zilizofuata ndipo rada ilipofaa: ilionyesha magma ikipenya chini ya mji na kuelekea chini ya Ziwa Kivu, na tarehe 27 Mei mamlaka ziliamuru sehemu za Goma zihame. Magma haikutoka tena. Watu walirudi wakiwa na hasira zao, na nani awalaumu.

Sasa Meru. Mlima huu wa mita 4,566 ulitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910, kidogo tu. Umbo lake linaeleza siku mbaya zaidi: ubavu mzima wa mashariki uliporomoka, kwa makadirio yanayotajwa sana kama miaka 8,000 iliyopita, ukaacha kasoko yenye umbo la kiatu cha farasi na ukuta wa kama mita 1,500, na kifusi chake kikatapakaa hadi pale yalipo leo maziwa ya Momella. Mgeni anayepiga picha za heroe huko Momella amesimama juu ya mlima uliolala kifudifudi. Kwa upande wa kusini, sensa ya 2022 ilihesabu watu 617,631 katika Jiji la Arusha peke yake, achilia mbali Tengeru, Usa River na vijiji vya juu.

Ingekuwa vizuri kusema rada inaulinda mlima huo kama inavyoutazama Lengai. Ukweli ni mgumu zaidi. Mteremko wa kusini umejaa msitu, na chini ya msitu kuna migomba, kahawa na parachichi. Wimbi la sentimita 5.6 hugonga jani la mgomba, na jani hilo siku 12 baadaye limepasuliwa na upepo au limekatiwa ng'ombe. Ulinganisho hufa hapo. Ukuta wa kasoko nao una mwinuko mkali mno: rada hutazama kwa ubavu, si wima, kwa hiyo kilele na kitako huangukiana kwenye picha na nyuma yake hubaki kivuli. Tatizo la tatu haliko ardhini kabisa. Mvuke wa maji angani huchelewesha wimbi, na kati ya jiji, kwenye mita 1,400, na kilele kuna zaidi ya kilomita 3 za hewa ambayo asubuhi moja ni kavu na nyingine imejaa unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Ucheleweshaji huo huweza kuchora uvimbe wa bandia wa sentimita kadhaa, unaofuata umbo la mlima vizuri sana. Mwanafunzi mwenye picha mbili tu anaweza kutangaza kwamba Meru unaamka. Mwenye picha 200 ataona kuwa uvimbe huo huja na mvua na kuondoka na mvua.

Jiji lenyewe, kwa kinyume, linasomeka vizuri kuliko mlima. Kuta na mabati hayabadiliki kwa siku 12. Mwaka 2001 Waitaliano Alessandro Ferretti, Claudio Prati na Fabio Rocca wa Milano walionyesha jinsi ya kuchagua nukta za aina hiyo, zisizobadilika kwa miaka, na kuzifuatilia moja moja. Kwa rada inajulikana kwamba sehemu za Jiji la Mexico zinatitia hadi kama nusu mita kwa mwaka, kwa sababu ya kunyonya maji ya chini ya ardhi. Arusha nayo hunywa maji ya chemchemi na visima, na mradi wake mkubwa wa maji wa Sh bilioni 520, ulioungwa mkono na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulichimba visima virefu. Mwamba wa volkano hautitii kirahisi kama tope la ziwa la kale la Mexico, lakini Bonde la Arusha halina mwamba mtupu. Kuziangalia nyumba zilizo karibu na visima, tangu sasa, kabla ya swali kuwa kubwa, ni kazi ya tasnifu moja ya uzamili. Taasisi ya Nelson Mandela iko Tengeru, picha ni bure.

Kuna pia udongo mweusi wa mbuga, ule ambao wajenzi wa nyanda za chini wanaujua kwa laana zake: masika huvimba, kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono, na ukuta usio na msingi mzuri hufuata. Huo ndio mwenzake wa karibu wa tabaka la Alaska katika nchi hii. Unapanda na kushuka kwa majira, kwa sababu ya maji, na kiasi cha kupanda kinaeleza kitu kuhusu kina unyevu ulikofika. Na hapa pia picha haitoshi. Lazima mtu achimbe, achukue donge, alipeleke maabara. Fundi mwashi angeweza kuwaonyesha watafiti pa kuanzia.

Hanang inafaa kutajwa, ingawa haraka. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka mlima huo hadi Katesh, mkoani Manyara, na kuua zaidi ya watu 80. Mporomoko wa aina hiyo, unaozaliwa na mvua kubwa na kumalizika kwa saa chache, haupatikani na setilaiti inayorudi baada ya siku 12. Rada huonyesha miteremko inayotambaa polepole kwa miezi, na baadaye huonyesha ukubwa wa uharibifu. Anayeahidi zaidi ya hapo anauza kitu.

Tarehe 30 Julai 2025, kutoka Sriharikota nchini India, ilirushwa NISAR, setilaiti ya pamoja ya Marekani na India. Moja ya rada zake hutumia wimbi la sentimita 24, ambalo hupita katikati ya majani na kugonga shina na ardhi. ALOS ilikuwa na wimbi la aina hiyo, na ndiyo sababu moja iliyoifanya ifae mwaka 2007. Tofauti ni kwamba NISAR hurudi kila siku 12 na data zake ni za bure. Ukuta wa Meru utabaki kivulini. Mashamba ya Akheri na Poli, kwenye miteremko ya Meru, huenda yakaanza kusomeka.

Na palipo na migomba mizito sana, kuna njia ya fundi. Bamba tatu za chuma, kila moja ya kama mita 1, zikiunganishwa kwa pembe mraba mfano wa kona ya chumba, hurudisha wimbi la rada moja kwa moja lilikotoka, na kwenye picha huonekana kama nukta yenye kung'aa isiyohama. Karakana yoyote ya kuchomelea ya Unga Limited, jijini Arusha, inaweza kuzitengeneza kwa mchoro wa ukurasa mmoja. Zinatakiwa kufungwa kwenye zege, kuelekezwa upande setilaiti inakopita, na kutobolewa tundu chini ili zisijae maji. Ugumu ni mwingine: chuma kizuri kilichoachwa shambani hakikai wiki mbili kabla mnunuzi wa vyuma chakavu hajapita. Kwa hiyo ni afadhali zifungwe kwenye viwanja vya shule, zahanati na makanisa ya vijiji vya juu, ambako kuna mlinzi, na ambako mwalimu wa sayansi anaweza kufagia majani ya mgomba yaliyoangukia ndani yake kila Jumatatu asubuhi.